Mcheza Kwao Hutunzwa: Geoffrey Oryema na Albamu ya Jioni ya Maisha

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Kila mwaka ninaifundisha methali hii darasani, na kila mwaka wanafunzi huielewa bila taabu. Ngoma ikipigwa kijijini, na mchezaji akawa mwana wa pale pale, ndugu na majirani humtuza kwa fedha, kwa kanga na kwa vigelegele. Hata akikosea hatua, atashangiliwa, kwa kuwa wanaomtazama walimwona alipokuwa akijifunza kutembea.

Muhula uliopita, hata hivyo, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Mwalimu," alisema, "na yule aliyezuiwa kucheza kwao, nani atamtunza?"

Swali hilo lilizuka tulipokuwa tukisikiliza muziki. Shule ninayofundisha iko Busia, mwendo mfupi tu kutoka mpakani, na katika darasa langu wamo watoto wenye nyanya Kenya na shangazi Uganda. Siku hiyo niliwachezea nyimbo mbili za mwimbaji mmoja, Geoffrey Oryema wa Uganda: wa kwanza kutoka albamu yake ya mwaka 1990, wa pili kutoka albamu ya mwaka 2010, alipokuwa na miaka 57. Wimbo wa kwanza uliwavutia. Wa pili uliwaacha kimya, na mvulana mmoja akavunja kimya hicho kwa maneno makali: "Huyu si alikimbia nchi yake? Kwa nini tumsikilize mtu aliyekimbia?"

Makala haya ni jibu langu kwa maswali hayo mawili. Ili nilitoe vizuri, sina budi kuanza na mpaka wenyewe.

Mpaka uliopita katikati ya jamaa

Ukisimama Busia leo utadhani mpaka huu ulikuwapo tangu milima ilipoumbwa. Sivyo. Hadi mwaka 1902 sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo, hadi karibu na Ziwa Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia upande wa himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Wasamia wakajikuta wamegawanyika huku na huku. Wateso wakawa na ndugu Tororo na ndugu Amagoro. Wajopadhola wa Tororo, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kijaluo cha Kenya na Kiacholi cha kaskazini mwa Uganda, wakawekewa mstari kati yao na jamaa zao wa karibu na Ziwa Victoria.

Watu hawakuacha kuvuka. Walivuka kuoa na kuolewa, kuzika, kuuza mahindi na kununua sukari. Neno tunalolitumia kila siku, bodaboda, lilizaliwa hapa hapa Busia, siku ambazo waendesha baiskeli waliwabeba wasafiri na mizigo yao katika eneo lililo kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka likarudiwa mara mbili, likatiwa lafudhi yetu, likawa Kiswahili.

Lakini mpaka una sura mbili. Siku za amani ni soko. Siku za hofu ni mlango wa kunusurika, na si wote wanaoufikia.

Februari 1977

Idi Amin alitwaa mamlaka nchini Uganda tarehe 25 Januari 1971. Miaka sita baadaye hofu ilikuwa imeenea kila mahali. Uchumi ulikuwa umeanguka, na kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kuja Kenya. Biashara hiyo iliitwa magendo, neno la Kiswahili ambalo Waganda walilitumia hata katika mazungumzo ya lugha nyingine. Uhusiano wa serikali mbili nao ulikuwa mbaya. Mwaka 1976 Amin alikuwa amedai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, akiufufua ule mpaka wa kabla ya 1902.

Tarehe 16 Februari 1977 watu watatu walikamatwa Kampala. Wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda. Wa pili alikuwa Erinayo Oryema, waziri, ambaye aliwahi kuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Inspekta Jenerali wa Polisi nchini humo. Wa tatu alikuwa Charles Oboth Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani, mwana wa Tororo, aliyeandika kitabu cha historia ya watu wake kiitwacho Padhola, kilichotoka mwaka 1960. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Ni wachache walioamini.

Nikiwa kijana nilimsikia mzee mmoja wa Malaba akisimulia jinsi tangazo hilo lilivyopokelewa upande wa Tororo. Alisema hakuna aliyelia kwa sauti, kwa kuwa kilio nacho kingeweza kusikika na asiyefaa. Watu waliizima redio, wakaenda mashambani, wakalima bila kusemezana. Sikuisahau picha hiyo: nchi nzima ikiomboleza kwa jembe.

Hapa yanipasa kuwa mwaminifu kwenu. Oryema mzee na Oboth Ofumbi walikuwa mawaziri katika serikali iyo hiyo iliyowaua wao na wengi wengine. Historia haitupatii malaika. Kinachotuhusu ni kwamba hawakupewa mahakama, hawakusomewa mashtaka, na familia zao hazikuambiwa ukweli.

Oryema mzee alikuwa na mwana, Geoffrey, aliyezaliwa Soroti tarehe 16 Aprili 1953. Baba huyo ndiye aliyemfundisha kupiga nanga, kinanda cha nyuzi cha Waacholi. Kijana alisomea maigizo Kampala na alikuwa ameanza kujijengea jina jukwaani. Baba alipouawa, mwana hakuwa ametimiza miaka 24. Alifichwa ndani ya buti ya gari, akavushwa hadi Kenya. Kutoka Kenya akaenda Ufaransa, na huko akaishi maisha yake yote yaliyosalia.

Niliposimulia jambo hilo, darasa lilinyamaza. Wanafunzi wangu wanajua buti ya gari. Wameona ikijazwa magunia ya mchele na katoni za sabuni. Hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukunjwa humo, na nanga ya baba yake ikabaki kichwani tu.

Sifa za ugenini

Miaka 13 ilipita kabla dunia haijamsikia. Mwaka 1990 ilitoka albamu yake ya kwanza, Exile, yaani uhamisho, iliyochapishwa Uingereza na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Mtayarishaji wake alikuwa Brian Eno, mmoja wa watu waliosifika sana katika kazi hiyo. Katika uimbaji wake Oryema alitumia lugha za utoto wake, Kiacholi na Kiswahili, pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Alipiga nanga na lukeme, ala ndogo ya vidole ambayo wengine huiita kalimba.

Wasikilizaji wa Ulaya waliipokea kwa heshima kubwa. Wimbo mmoja wa albamu hiyo, Ye Ye Ye, ukafanywa kiashirio cha kipindi cha televisheni cha usiku nchini Ufaransa, Le Cercle de minuit, na hivyo watu wengi wakaizoea sauti yake bila hata kuijua nchi yake. Mwaka 1993 akatoa Beat the Border, jina ambalo mtu wa Busia hahitaji kufafanuliwa: kuushinda mpaka. Zikafuata Night to Night mwaka 1996, Spirit mwaka 2000 na Words mwaka 2004. Tarehe 2 Julai 2005 aliimba Cornwall, Uingereza, katika tamasha la Live 8 lililowakusanya wanamuziki wa Afrika.

Na huku kwetu? Mitaa ya Busia na Tororo katika miaka hiyo ilitawaliwa na lingala, benga na kadongo kamu. Nililelewa katika sauti hizo. Jina la Oryema sikulisikia mpaka nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, na aliyenitajia alikuwa mgeni kutoka Ulaya, ambaye alishangaa kwamba mimi, mtu wa mpakani, simjui. Niliona haya. Leo naona kwamba haya hiyo haikuwa yangu peke yangu.

Wengine watasema: labda muziki wake ulikuwa wa kigeni mno, ndiyo maana haukutufikia. Hoja hiyo naipinga kwa mfano mmoja. Kampuni iyo hiyo ya Real World ilitoa albamu za Remmy Ongala, Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Remmy naye alikuwa mgeni. Alizaliwa mashariki mwa Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978. Lakini yeye aliishi miongoni mwa wasikilizaji wake. Nyimbo alizowaimbia Wazungu alikuwa ameziimba kwanza kumbini Dar es Salaam, mbele ya watu waliomwita Dokta. Baadaye maishani, baada ya kuugua, aliuacha muziki wa dansi akageukia nyimbo za injili. Wapo waliofurahi, wapo waliosikitika. Lakini waliosikitika walisikitika kama ndugu: walimjua alikotoka, kwa hiyo waliweza kubishana naye kuhusu alikokwenda. Remmy alifariki tarehe 13 Desemba 2010, na aliyoyaimba ujanani na uzeeni yalizikwa na watu wale wale.

Tofauti ya Remmy na Oryema, basi, haikuwa kampuni, wala ala, wala lugha. Mmoja alizeeka mbele ya wasikilizaji wake. Mwingine alinyimwa hilo.

Albamu ya jioni

Mwaka huo huo wa 2010, miaka sita baada ya Words, Oryema alitoa From the Heart, yaani kutoka moyoni. Alikuwa ameishi Ufaransa kwa zaidi ya miaka 30.

Niliposikiliza mara ya kwanza sikupendezwa. Nilikuwa nikiitafuta Exile. Nilitaka ile baridi ya nanga na ule upweke wa mtu aliyetoka shimoni jana. Badala yake nilimkuta mtu mzima anayezungumza bila haraka. Nikaona moto umezimika, nikaiweka kando kwa miaka kadhaa.

Leo najua nilikosea wapi. Nilimtaka mtu abaki na kidonda chake kikiwa kibichi ili mimi nipate kuburudika. Kosa hili ni la wasikilizaji wengi, hasa msanii akiwa mkimbizi. Albamu yake ya kwanza hupokelewa kwa mshangao, kwa sababu ina habari: baba ameuawa, mwana ametoroka, sikilizeni. Albamu ya uzeeni haina habari mpya. Ina mtu tu. Na ili umsikie mtu, sharti uwe umetembea naye.

Fikirini ni mambo gani yaliyotukia kati ya 1990 na 2010. Katika albamu ya kwanza kulikuwa na wimbo kuhusu Anaka, kwa Waacholi, uitwao Land of Anaka. Aliyeusikiliza Paris aliona nchi ya mbali yenye kijani kibichi. Lakini katika miaka iliyofuata vita vya kaskazini mwa Uganda viliigeuza Anaka kuwa mahali pa kambi ya watu waliohamishwa makwao, waliosongamana katika vibanda. Ni baada ya mazungumzo ya amani ya Juba, yaliyoanza mwaka 2006, ndipo watu walipoanza kurudi mashambani mwao kwa wingi. Idi Amin mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2003 Jeddah, naye akiwa uhamishoni, bila kufikishwa mahakamani. Mwimbaji wa mwaka 2010, basi, hakuwa na Anaka ile ya kuililia, wala hakuwa na adui wa kumsubiri aanguke. Alibaki na moyo, na jina la albamu linasema hivyo waziwazi.

Utulivu ule nilioudhani kuwa moto uliozimika ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa utulivu wa mtu aliyemaliza kuomba ruhusa ya kuomboleza.

Masikio matatu ya darasa langu

Nirudi darasani. Baada ya historia hiyo nilizicheza tena nyimbo zile mbili, kisha nikawaomba wanafunzi waandike walichosikia. Majibu matatu nayahifadhi hadi leo.

La kwanza lilitoka kwa msichana ambaye mama yake ni Mjopadhola wa Tororo. Wimbo wa mwaka 1990 niliouchagua unaitwa Piny Runa Woko. Aliandika kwamba alilitambua neno la kwanza kabla sijasema chochote: piny, yaani nchi, ardhi, ulimwengu. Ni neno ambalo bibi yake hulitumia kila siku. Akaandika: "Nilidhani ni muziki wa mbali, kumbe unatoka jikoni kwetu." Wanafunzi wa Kijaluo waliposikia hayo wakainua mikono, kwa kuwa neno hilo ni lao pia. Dakika chache zilitosha kuonyesha kwamba mstari wa mwaka 1902 haukuweza kulikata neno moja fupi.

La pili lilitoka kwa mvulana aliyezungumza kwa ukali. Yeye hakubadili msimamo wote. Aliandika kwamba bado anaona mtu mashuhuri angerudi mapema, Amin alipoanguka mwaka 1979. Hoja yake niliisoma mbele ya darasa, kwa sababu ni hoja ya haki. Nilimjibu hivi: aliyechomwa na moto wa nyumba yake hatuwezi kumpangia siku ya kurudi kulala humo. Amin aliondoka, lakini serikali ziliendelea kupinduliwa, na vita vikahamia katika nchi ya Waacholi wenyewe. Hata hivyo nilimpa alama nzuri. Msikilizaji anayeuliza maswali ana faida kuliko anayepiga makofi tu.

La tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Lilitoka kwa msichana mpole ambaye huketi nyuma. Aliandika kwamba mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, wazazi wake walivuka mpaka kwa miguu. Maelfu ya Wakenya walifanya hivyo, na wengi walipokewa Mulanda, katika wilaya ya Tororo. Yeye alikuwa hajazaliwa. Aliandika: "Mwalimu, kama baba yangu hangekimbia, mimi nisingekuwapo kusikiliza wimbo huu."

Nilipoisoma sentensi hiyo kwa sauti, bila kumtaja mwandishi, yule mvulana aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemcheka. Mwaka 1977 mwana wa Uganda alivuka kuja Kenya apate kuishi. Miaka 31 baadaye wana wa Kenya walivuka kwenda Uganda kwa sababu iyo hiyo, wakapokewa katika wilaya ile ile alikotoka Oboth Ofumbi, aliyeuawa pamoja na baba yake Geoffrey. Mpaka mmoja, pande mbili, zamu kwa zamu.

Kurudi

Mnamo Desemba 2016, baada ya takriban miaka 40, Geoffrey Oryema alirudi Uganda akaimba Kampala. Wengi waliomsikiliza hawakuwa wamezaliwa alipoondoka. Kwao hakuwa mwimbaji wa Exile wala wa From the Heart. Alikuwa mzee aliyekuwa anarudi nyumbani, na nyimbo zake zote, za ujana na za uzee, ziliwafikia kwa siku moja.

Huenda hilo ndilo lililokuwa tuzo lake. Si kwamba albamu ya jioni ilipata wanunuzi wengi. Ni kwamba hatimaye iliimbwa mbele ya watu ambao maneno yake yalikuwa maneno yao.

Hakupata muda mrefu wa kuifurahia nafasi hiyo. Alifariki tarehe 22 Juni 2018, Lorient, Ufaransa, akiwa na miaka 65. Miezi minne kabla ya kifo chake, tarehe 24 Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikuwa wamezindua kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia. Tangu hapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, akamaliza shughuli zake mara moja. Kila nikipita hapo nakumbuka kwamba mtu mmoja aliwahi kuingia Kenya akiwa amejikunja gizani, kwa kuwa asingethubutu kusimama mbele ya ofisa yeyote wa nchi yake.

Somo la uraia

Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema mambo mawili ambayo kila mwanafunzi wa mpakani anapaswa kuyajua. Ibara ya 13 inampa kila mtu haki ya kuondoka katika nchi yoyote, hata yake mwenyewe, na haki ya kurudi katika nchi yake. Ibara ya 14 inampa anayeteswa haki ya kutafuta hifadhi katika nchi nyingine. Kukimbia, basi, si usaliti. Ni haki iliyoandikwa na watu waliojua kwamba kuna siku nyumba huwaka.

Sheria zetu nazo zimesogea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Uganda ilifungua mlango wa uraia wa nchi mbili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na marekebisho hayo hayo yakakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lugha ya utoto wa Oryema, aliyoibeba hadi Ufaransa, sasa inatambuliwa na katiba ya nchi aliyoikimbia.

Lakini sheria humrudishia mtu pasipoti tu. Haiwezi kumrudishia wasikilizaji. Haki ya kurudi inakamilika pale wenyeji wanapokubali kusikia yaliyompata aliyeondoka, hata kama ameyasema kwa sauti ya chini, hata kama ameyasema akiwa mzee.

Jibu langu

Sasa nalirudia swali la mwanafunzi wangu: aliyezuiwa kucheza kwao, nani atamtunza?

Tazameni kitenzi chenyewe. Kutunza kuna maana mbili. Maana ya kwanza ni kumpa mchezaji zawadi ngomani. Maana ya pili ni kulinda kitu kisiharibike wala kisipotee. Kwa maana ya kwanza, Oryema alitunzwa na wageni, na tuwashukuru kwa ukarimu wao. Kwa maana ya pili bado kuna kazi, na kazi hiyo ni yetu: ya Anaka na Soroti, ya Tororo na Busia. Msichana aliyelitambua neno la bibi yake katika wimbo wa mwaka 1990 alimtunza Oryema. Msichana aliyeandika habari ya baba yake alimtunza pia. Na yule mvulana mkali, wiki mbili baadaye, alinijia baada ya vipindi akauliza kama ile albamu ya pili, ile ya polepole, naweza kumpa aisikilize tena.

Nilimpa. Bado hajairudisha, nami sijamdai.

Msamiati

*Uhamishoni*: katika hali ya kuishi nje ya nchi yako kwa kulazimika.
*Magendo*: biashara ya kuvusha bidhaa mpakani kinyume cha sheria.
*Kiashirio*: muziki unaotambulisha mwanzo au mwisho wa kipindi.
*Hifadhi*: ulinzi anaopewa mtu aliye hatarini.
*Usaliti*: kitendo cha kuwageuka watu wako au nchi yako.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza tofauti kati ya jinsi Remmy Ongala na Geoffrey Oryema walivyopokelewa na wasikilizaji wa nyumbani. Mwandishi anasema tofauti hiyo ilitokana na nini?
2. "Kukimbia si usaliti." Jadili kauli hii ukitumia mfano wa mwaka 1977 na wa mwaka 2008.
3. Muulize mzee wa kwenu kuhusu mtu aliyewahi kuvuka mpaka ili kuokoa maisha yake. Andika masimulizi yake kwa aya tatu, bila kutaja jina lake.